Dereva Wangu na Dumu la Dizeli

Mimi nina mdomo, na mdomo wangu hauna breki. Mama alinionya tangu utotoni, mke wangu amenionya mpaka amechoka. Nayasema haya mapema ili usije ukanionea huruma nisiyostahili.

Nina pikapu kuukuu ya dizeli inayobeba mpunga kutoka upande wa Mlimba kuja mashineni Ifakara. Kwa miaka sita iliendeshwa na mtu mmoja wa Masagati, mkubwa kwangu kwa umri, tuliyekuwa tukisali naye jumuiya moja ya kanisa hapa mtaani kwetu, Viwanja Sitini. Kila asubuhi nilimpa shikamoo yake kabla sijampa ufunguo. Alikuwa mtaratibu, wa maneno machache. Ukimtania anacheka kwa mabega tu.

Mwaka wa sita masika yalipokolea alikwenda kwao kuzika, nikaendesha mwenyewe. Njiani maji yalikuwa yamefunika barabara. Nikachungulia chini ya gari, nikaona ule mpira mwembamba unaotoa hewa kwenye tangi la mafuta umepasuka karibu na mdomo wa kujazia. Nikaogopa maji yataingia kwenye dizeli. Huku kwetu kila mwenye gari ana akili yake ya kuvukia maji: huyu anafungua mkanda wa feni, yule anafunga nailoni. Mimi nikaukata mpira pale ulipopasuka, nikauziba kwa kipande cha gunzi la muhindi, nikakaza kwa ukanda wa tairi. Nikavuka salama, nikajisifu njia nzima. Kisha nikasahau kabisa.

Mavuno yalipoanza, dereva akaanza kuchelewa kituo cha mafuta. Kujaza tangi, kazi ya dakika tano, kukawa kunamchukua karibu saa nzima. Alinieleza kwamba pampu inajikata kila mara, mafuta yanarudi na povu mpaka yanamwagikia viatu, na walio nyuma kwenye foleni wanampigia honi. "Tangi halipumui, mdogo wangu," alisema. "Tulipeleke kwa fundi." Aliniambia mara tatu, na mara zote tatu nikamjibu kwamba msimu wa mpunga haumsubiri fundi.

Basi akatumia akili. Akawa anajaziwa kwenye dumu, anasogeza gari nyuma ya ukuta wa kituo, anamimina polepole kwa chupa iliyokatwa kitako mpaka tangi likubali. Watu wakamwona. Dereva, dumu la dizeli, nyuma ya ukuta: nani angeuliza zaidi? Waliniletea habari watu wawili, siku mbili tofauti, na mimi sikumuuliza mwenyewe hata neno.

Jumamosi kwenye jumuiya, baada ya sala, tulipofika kwenye mengineyo, nikasimama mbele ya majirani nikasema yupo mwenzetu anayesali na sisi asubuhi, mchana anauza mafuta yangu. Sikumtaja. Haikuwa lazima, wote walimgeukia. Alikuwa amekaa karibu na mlango. Akaniangalia, akaweka ufunguo wa gari juu ya mkeka, akatoka. Wiki hiyohiyo alihama na mke wake, wakarudi Masagati.

Siku chache baadaye nikaenda kujaza mwenyewe. Pampu ikajikata. Mhudumu akabonyeza tena, ikajikata tena, na povu likaniloweka suruali. Akanishauri nilete dumu, kama alivyokuwa akifanya yule mzee. Nikaligeuza gari moja kwa moja kwa fundi.

Fundi alilala chini ya gari, akatoka na gunzi mkononi. Akauliza, huku akicheka, ni fundi gani aliyefanya maajabu yale. Akaweka mpira mpya kwa muda usiozidi nusu saa, na tuliporudi kituoni tangi likanywa mafuta kama ng'ombe mwenye kiu. Nililia pale kituoni, mtu mzima mimi, na mhudumu akajifanya hanioni.

Nikafunga safari ya Masagati. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, maana si mtu wa kumnyima mtu salamu. Mke wake alinipikia. Yeye mwenyewe alinisikiliza mpaka mwisho, nikaomba msamaha, nikamsihi arudi kazini.

"Maneno yale uliyasemea jumuiya," akasema. "Huku nani alisikia nikiitwa mwizi? Kayaseme kulekule."

Nikayasema. Jumamosi iliyofuata, kwenye mengineyo, nilieleza yote: mpira, gunzi, dumu. Wengine waliangua kicheko kwa sababu ya gunzi. Mwenyekiti akasema wamesikia, akauliza kama kuna jingine, wakahamia kwenye masufuria ya jumuiya ambayo hayajarudishwa. Tulipotoka nje, mama mwenye nyumba tuliyosalia akanishika mkono. "Umefanya vizuri kumsitiri mwenzio," akasema. "Lakini lisemwalo lipo." Nikamwapia kwamba sikumsitiri mtu, mwenye kosa ni mimi. Akaitikia kwa upole, kama mtu anayemnyamazisha mtoto.

Jioni dereva akanipigia simu. Akauliza kama nimeyasema. Nikamwambia nimeyasema. Akauliza, je, wao walisemaje?

Nikamwambia wote wamefurahi, na wanamsubiri. Nikamsikia akimweleza mke wake maneno yangu. Aliporudi kwenye simu sauti ilikuwa imechangamka, miaka yote sita sikuwahi kuisikia hivyo.

"Basi Noeli tutakuja," akasema, "tusali nao."