Mujomba na gari isiyoisha esansi

Munasema michezo ya mbio za magari inaharibu madereva?
Kwetu Mutanga Nord, leo dereva ameharibu mchezo.

Mujomba wangu ni mutu wa taxi. Gari yake iko siku ya tatu kwenye foleni ya esansi, maana mafuta ni shida, naye akaja kwangu kupumzika. Nikamupa manete ya kuchezea gemu ya mbio, nikasema tushindane.

Kwenye skrini magari yamepangwa mustari, yanangoja taa.
Mujomba akauliza: "Wa mwisho ni nani hapa?"

Taa ikawaka. Wote wakaruka.
Yeye akasogea nafasi moja, akasimama. (Wallahi!)

Kwenye muteremuko akaacha kukanyaga, gari ishuke yenyewe, kama anatoka kule mulimani Kiriri anabana esansi.

Nikamwambia: "Mujomba, kanyaga! Gari ya humu haiishi esansi."

Akaniangalia kama nimemuficha siri miaka yote.

Hiyo ilikuwa saa nne asubuhi. Sasa ni saa kumi. Mbio ameziacha, anazunguka tu.

Munishauri: mutu kama huyu munamutoa namna gani?

Maana sasa hivi wamemupigia simu kutoka pompe ya esansi: zamu yake imefika.

Akajibu bila kutoa macho kwenye skrini:
"Mupitishe mwengine. Mi nimeshapata."