Umri wa Aliyetoka Jandoni

Mkufunzi alitufundisha kuuliza. Alitoka Dar es Salaam na viatu vyeupe ambavyo vumbi la Singida liliviharibu siku ya kwanza, akatukusanya sisi walezi wa mahabusu ya watoto katika darasa moja la shule ya msingi wakati wa likizo, akaandika ubaoni: MTOTO ANA MDOMO. Tuliketi kwenye madawati ya wanafunzi, magoti karibu yatuguse videvu, tukanakili. Kabla ya hapo hakuna aliyewahi kutufundisha chochote. Mwenzetu mmoja alikuwa mlinzi wa ghala, mwingine mjane wa askari, na mimi nilikuwa nimefukuzwa masomo ya uuguzi kwa kumjibu sista vibaya. Serikali ya Uhuru ilitupa funguo na sufuria kubwa la ugali, ikatuita walezi.

Simcheki mkufunzi yule. Alikuwa wa kwanza kutuambia tusiwapige watoto, na alilisema huku akitutazama mikono. Alileta na sanduku la vifaa. Ndani mlikuwa na utepe wa kupimia urefu na chati ya meno ya mtoto wa Kizungu, iliyoandikwa kwa lugha ambayo hata yeye hakuijua. Vifaa hivyo vilikuwa vya kutafutia umri. Sheria ilisema aliye chini ya miaka kumi na sita ni wetu, na hata akipatikana na hatia atapelekwa shule ya maadilisho akajifunze useremala. Aliyezidi hapo ni wa gereza la wakubwa. Lakini vyeti vya kuzaliwa vijijini vilikuwa wapi? Ndugu mkufunzi akasema chati itasaidia kidogo, ila njia ya heshima ni kumuuliza mtoto mwenyewe, kisha mzazi wake.

"Kuuliza si ujinga, ndugu zangu," akasema, nasi tukapiga makofi.

Wanyaturu tulikuwa wengi mle darasani, na tulijua hapo pana shimo. Lakini jando si jambo la mwanamke kulitaja mbele ya wanaume, na wanaume nao wakanyamaza kwa kuwa wanawake tulikuwepo. Somo likaisha, tukaenda kunywa chai.

Shimo lenyewe lilikuwa hili. Kwetu, siku hizo, utu uzima haukuhesabiwa kwa miaka. Miaka ya njaa jando liliahirishwa, na mwaka wa mavuno mazuri mzazi alipeleka wana wake wote kwa mpigo, mkubwa na mdogo, ili pombe ipikwe mara moja tu. Ungeweza kumkuta kijana mwenye ndevu na mdogo wake asiyemfika begani wametoka siku moja, na wote wawili ni watu wazima. Kumwita mmoja wao mtoto mbele ya wanaume lilikuwa tusi la kulipiwa mbuzi.

Msimu wa kiangazi uliofuata wakatuletea mvulana kutoka kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Ikungi. Alikuwa amewasha moto kwenye mzinga wa watu ili arine asali. Upepo ukaubeba ule moto, ukapita kwenye majani makavu, ukala ghala la kijiji na uwele wote wa watu. Njaa ya kijiji kizima ilikuwa na jina lake. Askari aliyemleta alisema wanakijiji wangemuua pale pale kama mwenyekiti asingesimama mlangoni. Wakubwa wa wilaya walitaka afundishwe adabu ili wengine wote waone, na njia pekee ya kumfundisha adabu hiyo ilikuwa awe mtu mzima.

Alikuwa mrefu, miguu mirefu ya mchunga ng'ombe aliyelelewa kwa maziwa, na sauti imeanza kukwaruza. Mganga wa hospitali alimpima kwa utepe, akamchungulia kinywani, akatazama chati ile ya Kizungu, akaandika kwamba umri haujulikani. Mimi nilimwona akilala. Alilala amejikunja, mikono katikati ya mapaja, mdomo wazi. Nilikuwa nimelea wadogo zangu, najua mtoto akilala anakuwaje. Nikamuuliza, kama nilivyofundishwa.

"Wewe ni mtoto?"

"Shikamoo mama," akasema, kwanza adabu. "Mimi siyo mtoto. Nimetoka jandoni na kaka yangu."

"Mahakamani ukisema hivyo utafungwa na wakubwa."

"Basi nitafungwa."

Hapo hasira ikanipanda. Hasira yangu ni ya karibu, mtu yeyote aliyefanya kazi nami atakwambia. Mkufunzi alitukataza fimbo, ulimi hakuukataza. Nikamvua suruali ndefu nikampa kaptula ya mtoto wa darasa la kwanza, iliyombana mapaja. Nikamketisha kula na wadogo, wale wa kuiba embe na kuku, nikawaambia wamwite mdogo wetu. Wakamwita. Watoto wana ukatili wao, hauhitaji kozi. Walimuimbia wakati wa kuosha vyombo, walimuimbia chooni. Alikaa bila kula mpaka midomo ikapasuka, nami nilipita pale na sahani yake nikampa mwingine machoni pake. Usiku sikulala vizuri, lakini asubuhi niliendelea. Kule gereza la wakubwa nilikuwa nimewahi kuingia kupeleka barua, nikaona wavulana wa umri wake waliotangulia, na namna walivyokuwa wakitazama chini mtu mzima akipita. Ukatili wangu nilijua una mwisho. Wa kule sikuujua.

Hatimaye akaja jikoni. Akaegemea mlango, hakunitazama.

"Nitasema," akasema. "Lakini akina baba wa kijiji wasiwepo."

"Hawatakuwepo," nikamwambia. Niliamini hivyo. Nani angeacha kijiji chenye njaa kuja kumsikiliza mvulana?

Mama yake alifika siku moja kabla ya kesi, amepanda lori la ngozi, ananuka ngozi na amebeba kibuyu cha maziwa ya mgando. Alikuwa mjane. Nikamsalimia, nikampa uji, nikamuuliza polepole. Hakujua mwaka, ila alijua siku: siku bendera ya Uhuru inapandishwa bomani, mwanawe alikuwa mgongoni, ananyonya bado, akamkojolea kitenge kipya. Nikahesabu. Kumi na minne, au kumi na mitatu na kitu. Nikamkumbatia mama wa watu kwa furaha. Nikamwambia, sema hivyo hivyo mbele ya hakimu, usiongeze neno. Nikamweleza gereza la wakubwa ni nini, sikumficha. Akalia, akaitikia kwa kichwa.

Asubuhi tulikuta mahakama imejaa. Wanaume wa kijiji walikuwa wamekuja kwa trekta la kijiji, wamesimama ukutani na mablanketi yao, wengine ndio waliowaingiza jandoni yeye na kaka yake. Mvulana alipowaona alinitazama mimi. Nimetazamwa na watu wengi maishani, wengine wakiwa wanakufa. Sijatazamwa tena vile.

Hakimu alikuwa mtu wa haraka, kijana, na kalamu yake ilikuwa imeshafunguliwa. "Wewe. Ni mtoto au mtu mzima?"

Mvulana akasogea mbele. Kaptula yangu ilikuwa bado mwilini mwake.

"Mimi ni mtoto," akasema.

Wanaume wakacheka. Hawakucheka sana, wala si wote. Mzee mmoja alitema mate, akasema kwa Kinyaturu neno ambalo sitaliandika, na wengine ndipo wakacheka kweli. Askari akapiga meza. Mvulana aliinamisha kichwa hadi kidevu kikagusa kifua, na machozi yakawa yanadondoka sakafuni, nami nikashukuru kuyaona, kwa sababu nilidhani hakimu naye anayaona. Nilidhani tumeshinda.

Mama akaitwa. Alisimama vizuri, akasema ya bendera na ya kitenge. Hakimu akakuna kichwa.

"Hayo ya mgongoni siyaelewi, mama. Wapo wanaobebwa mpaka wana miaka mitatu, minne. Nijibu kwa neno moja. Huyu mwanao ni mtoto?"

Nilimwona akivuta pumzi. Alitazama ukutani kwa wanaume, shemeji zake, wazee wa mume wake marehemu, watu ambao angeishi nao hadi kufa. Kisha akamtazama mwanawe aliyeinama, na uso wake ukabadilika. Nimelifikiria jambo hili mno, na sidhani aliwaogopa wale wanaume. Nadhani alishindwa kumwona vile.

"Ni mwanaume," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje. "Mimi mwenyewe nilimpikia pombe alipotoka. Huyu ni mwanaume."

Nilisimama, nikasema mheshimiwa, nina hesabu ya umri wake. Hakimu akaniambia niketi, maana mzazi ndiye shahidi bora. Hilo hata sisi tulifundishwa semina, akasema. Akaandika. Hukumu ilikuwa ya miaka na viboko. Mvulana aliinua kichwa. Akamtazama mama yake, akanyoosha mgongo, akatoka na askari akitembea kama mtu anayekwenda kwenye mnada wa ng'ombe, na kaptula ile imempanda nusu ya paja.

Nje mama alinishika mkono. Kibuyu bado kilikuwa begani, kimejaa. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Nilipojibu mimi," akaniuliza, "walicheka tena?"

Nikamwambia hapana, mama. Hawakucheka.