Aliyegema Hili Afungwe

Harufu ya tembo la mnazi lililolala usiku mmoja humfikia mtu kabla hajakiona kibuyu: kwanza utamu, kisha uchachu, kisha kitu kinachokaribia unga uliotiwa hamira. Kila kiangazi kinapoingia, kaskazi ikivuma na mchanga ukichoma nyayo, harufu hiyo hunirudisha Temeke ya utoto wangu, enzi za Mwingereza, kwenye nyumba yetu ya udongo na makuti. Uwani kwetu, kila Jumapili alasiri, baba na rafiki zake wawili walikaa kuhukumu tembo. Nasema kuhukumu kwa sababu kunywa kulikuja baadaye. Vinywaji vya chupa vilikuwa vya Wazungu, na wazee wale wala hawakuvionea wivu. Walikuwa na minazi ya Mtoni, ya Yombo na ya Mbagala, na kwao kila shamba lilikuwa na ladha yake.

Baba alikuwa seremala wa vitanda, mtu wa maneno machache. Rafiki zake walikuwa Mzee Kondo, jirani yetu, Mzaramo kama sisi, na Mzee Masanja, Msukuma aliyepakia mizigo relini. Masanja alikuwa mtani wetu, kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kututukana hata msibani. Lakini hakimu alikuwa baba. Alisukutua kinywa, akachota kwa kata, akanusa, akaonja, akatulia. Kisha alisema mgema huyu hakuosha kibuyu chake, au mnazi huu umesimama karibu na maji ya chumvi, au huko shambani mvua ilinyesha juzi. Wenye tembo walipoulizwa walikiri. Mimi nilikuwa binti wa miaka kama tisa, nimekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, na nilimtazama kwa mshangao uliokaribia hofu. Sikuelewa mtu anawezaje kuwa na shamba zima mdomoni.

Hukumu zao zilikuwa na mila zake. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Watu wengine huusema tu msemo huo, wazee wale waliushika kama sheria. Tembo zuri halikusifiwa hata kwa bahati mbaya. Lilitukanwa, na lililo bora kupita yote lilipata tusi kubwa kupita yote. "Aliyegema hili afungwe!" baba alikuwa akisema, na wenzake wakacheka huku wakinyoosha mikono. Tembo baya ndilo lililosemwa kwa adabu: "Zuri sana, ahsante," kisha kibuyu kikazibwa na kusogezwa kando. Hilo lilikwisha kutiwa maji, sifa zilikuwa hazina cha kuharibu tena. Mama, mtu wa msala na tasbihi, alisema wale ni watu wazima waliokosa kazi. Hata hivyo Jumapili alichambua mchele wake karibu kabisa na mlango wa uani.

Vuli ya mwaka mmoja baba aliugua homa na mafua mazito. Alipona yeye, pua na ulimi havikupona. Nililijua hilo siku samaki alipoungua jikoni, moshi ukatutoa machozi, naye akala akashukuru. Mama alimwangalia tu. Baba hakumwambia mtu. Lakini mficha maradhi kilio humfichua. Jumapili iliyofuata aliinua kata, akanusa kwa mazoea, akaonja, akasema kwa sauti ya furaha, "Aliyegema hili afungwe!" Mzee Kondo akaonja, akatazama chini. Tembo lilikuwa na maji. Hata mimi niliuona wepesi wake kwenye kata. Hakuna aliyecheka. Masanja, ambaye hakuwahi kukosa tusi, siku ile alilikosa. Nikamwona baba anaelewa. Akasema kichwa kinamuuma, akaingia ndani.

Vitanda hata mtu mwingine angetengeneza. Ila mtaa mzima baba aliitwa Hakimu, na hilo hakurithi wala hakununua. Akikosea tena, kiti kingekwenda kwa Mzee Kondo, kwa upole na heshima zote, na niliona wazi kwamba upole huo ndio ungemvunja. Nikamfuata alipokuwa akipiga randa. "Baba, nitaonja mie kwanza. Likiwa na maji nitakohoa." Watoto tulipewa tembo tamu la asubuhi, lisilolewesha, hivyo niliuamini ulimi wangu. Akacheka, kicheko cha kwanza tangu siku ile. "Utanikoholea mpaka lini, mwanangu?" Siku mbili tatu baadaye nilimkuta nyuma ya nyumba ameinamia kibuyu, shavu limegusa ubavu wake, macho amefumba. Nilidhani analia, nikaondoka kwa kunyata.

Jumapili ikafika. Masanja alikuja na vibuyu vitatu, hakutaja mgema wala shamba. "Leo hukumu yako peke yako, Mzaramo," alisema, na haukuwa utani. Nikamwonea uchungu baba. Yeye hakugusa kata. Alivizibua, akapiga magoti, akaweka sikio kwenye mdomo wa kibuyu cha kwanza. Akaenda cha pili, akaenda cha tatu, akarudi cha kwanza. Kuku waliparura, Mama akaacha kuchambua mchele. Hatimaye baba aliinuka akipangusa magoti.

"Hiki na hiki ni pacha," alisema, "sauti yao moja. Ila huyu kanyweshwa maji, hana pumzi. Wa katikati mgeni, na kesho atakuwa siki."

Masanja alikuwa amegawa tembo la mgema mmoja katika vibuyu viwili kwa mkono wake mwenyewe, akatia maji kimoja. Alinigeukia mimi, nikatikisa kichwa. Nami nilikuwa nimeduwaa kama yeye. "Nani kakwambia?" aliuliza.

"Pua imekufa, Masanja," baba akajibu. "Ulimi nao umeifuata. Nimebaki na masikio."

Masanja alisimama wima, akamnyooshea kidole. "Mtu huyu afungwe!"

"Afungwe," akaitikia Mzee Kondo, "na ufunguo utupwe baharini!"

Baba alicheka mpaka machozi yakamtoka, na sijui hata leo kama yote yalikuwa ya kicheko. Kisha akaniita nisikilize. Niliweka sikio, nikasikia povu likinong'ona ndani, mvua ndogo inayoanguka kwenye makuti ya nyumba ya mbali. Nilikuwa nimelinusa tembo tangu kuzaliwa na sikujua kwamba linasema. Hakuonja tena kitu maishani mwake, na hadi alipofariki mtaa uliendelea kumwita Hakimu.

Sasa nakaa Kibamba kwa mwanangu. Kiangazi kikifika, wajukuu hualika rafiki zao, hununua waini za bei nafuu, za Dodoma na za ng'ambo, huzifunika kwa magazeti zisijulikane, kisha huonja na kuzipa alama. Huzungusha glasi, hutaja zabibu na mbao na pilipili. Wana majina ya ladha ambayo baba hakuwa nayo, na nawapenda wanavyobishana. Mwaka huu walinipa ile iliyoshinda. Badala ya kuipeleka mdomoni niliipeleka sikioni, wakacheka, Bibi huyo! Nilisikiliza kwa muda mrefu, nikitamani sana kulisikia lile povu. Hapakuwa na kitu. Kilichokuwa humo kilinyamaza zamani, mbali na hapa, kabla hakijatiwa kizibo. Nikanywa funda moja.

"Vipi, Bibi?" waliuliza, macho yote kwangu.

"Zuri sana, wajukuu wangu," nikasema. "Ahsante."

Wakapiga makofi.