Wimbo Niliouiba Garini

Ilianza Jumamosi ya pili ya Februari, saa tisa na nusu mchana, tukiwa katikati ya mazoezi ya kwaya kwenye ukumbi tunaoukodi hapa mtaani Okolona. Mlango ulifunguliwa, baridi ikaingia, na yule mama Mnavajo anayefanya kazi na mama yangu ghalani akasimama pale na sufuria tuliyoisahau garini mwake. Alikuwa anatabasamu. Kisha akasikia tunachoimba. Aliiweka sufuria sakafuni taratibu, akatoka bila kuaga.

Hakuna aliyejua sababu isipokuwa mimi.

Donc, basi, niseme ukweli wote. Kila alfajiri yule mama anatuchukua na gari lake: mimi ananishusha shuleni, halafu yeye na mama wanaenda kazini. Kwao ni Arizona; Wanavajo ni wenyeji wa huko tangu kabla ya Wazungu. Garini anapiga kaseti za bendi za kwao, magitaa ya kantri na maneno ya Kinavajo. Mara ya kwanza mama alishangaa: "Kumbe na nyinyi muko na makauboi?" Yule mama alicheka mpaka akapunguza mwendo. "Farasi tulikuwa nao sisi kabla yao," alisema. Alinifundisha hata wimbo mmoja wa ngoma, ule ambao watu hucheza wawili wawili wakizunguka. Huo alinipa kwa moyo wote.

Lakini asubuhi moja barabara ilikuwa barafu tupu, gari likateleza. Alizima kaseti akaanza kuimba chini chini, wimbo mwingine, mzito, unaojirudia. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma. Nikatoa simu, nikarekodi. Kuomba niliona haya. Kuiba hakukunidai neno hata moja.

Kwaya zetu ndivyo zilivyo: ukisikia sauti nzuri popote, unaichukua, unaitia maneno ya Yesu. Shangazi yangu, ambaye wote tunamwita tantine, ndiye kiongozi. Nilimsikilizisha ile rekodi, akaupenda sana wimbo. Akaongeza kinanda na ngoma, akautuma kwa kwaya za wenzetu wa miji ya Columbus na Buffalo, kwa sababu Jumapili hiyo walikuwa wanakuja tuimbe pamoja. Watu wakaanza kunisifu. Sikuwa nimewahi kusifiwa kwa kitu, na nilinyamaza.

Tulipofika nyumbani nilimweleza mama. Hakunipigia kelele. Alivaa tena koti.

"Kule milimani tulikotoka," alisema, "baba yangu alikuwa na sifa za kuwaimbia ng'ombe wake, kila mmoja na zake. Jirani angezichukua asifie ng'ombe wake yeye, wangesemeshana? Twende."

Yule mama alifungua mlango lakini hakutukaribisha ndani. Nilisema kwa Kiingereza, nikitazama viatu vyangu, kwamba ni mimi.

"Ule wimbo baba yangu aliniachia," alisema. "Ni wa kutulinda njiani, sisi wa nyumba yake. Hatuuchezi, hatuurekodi. Kwetu mtu anayeponya wagonjwa tunamwita mwimbaji. Sasa unaelewa wimbo ni kitu gani?"

"Ningekuomba, ungekubali?"

"Hapana." Alinitazama kidogo. "Lakini ungekuwa umeomba."

Mama akamuuliza kama Jumatatu atatupitia.  Alisema, "Kwanza wanakwaya wanyamaze," akafunga mlango.

Nilimpigia tantine hapo hapo, tukiwa bado kwenye ngazi.

"We mutoto! Watu wa Buffalo wako njiani toka asubuhi! Bon, nyimbo si zote ni za Mungu? Tumeimba za Warundi, tumeimba za Waluba, nani ametushitaki?"

"Tantine, huu una mwenyewe."

Alisonya. "Sawa. Basi weye mwenyewe utawaambia. Mimi sisemi."

Alijua mimi hata tangazo la kanisa siwezi kusoma mbele ya watu.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya ibada, kwaya tatu zilikusanyika na makoti yao. Nilishika maikrofoni kwa mikono miwili. Nilisema wimbo ule nimeurekodi kwa siri, kwamba ni mali ya familia ya mtu, kwamba tafadhali waufute.  Mzee mmoja wa Columbus alitoa simu na kufuta, wengine wakamfuata. Dada mmoja wa Buffalo alicheka: "Sasa tutaimba nini, matangazo?" Watu wakacheka naye. Kisha akaacha kucheka, akasema ameshautuma kwa wadogo zake, na wao wameutuma mbele.

Tantine hakunitazama. Alichagua wimbo wa zamani wa kitabu cha nyimbo.

Nikatoka hadi kwenye korido nikamwandikia yule mama. Niliandika kwamba kwaya haitauimba. Nikafuta, kwa sababu ilionekana kama nimemaliza kazi. Nikaandika tena: hatutauimba, lakini umeshatoka mikononi mwetu, uko Buffalo kwa watu nisiowajua, na siwezi kuurudisha. Nikatuma hivyo. Kinanda kilikuwa kimeanza. Niliingia, nikasimama kwenye mstari wa sauti ya alto.