Diski tundu la mbele, mtoto mapajani

Mnisamehe kuchelewa kuwajibu. Tangu mchana nimekwama kwenye kiti.

Nilichomeka diski ya nje ili kunakili video ya harusi yangu, kwenye tundu la USB la mbele ya kompyuta, kumbe ni la polepole.

Lenye kasi liko nyuma, upande wa ukutani.

Kabla sijahamisha, mtoto akasinzia mapajani. Ana homa, usiku kucha hakulala.

Shangazi ndiye anampelekea bibi video hiyo kijijini Mwika. Bibi hakuweza kushuka mjini kuhudhuria.

"Mama Neema, gari litaniacha."

"Niwie radhi shangazi, simwamshi."

Akanitazama. Akafungua kitenge, akaketi.

"Basi nalala hapa. Una ndizi nipike mtori?"

Sina.

Mlio karibu hapa mtaa wa Majengo, nileteeni ndizi, nyama kidogo, dawa ya homa ya mtoto, na godoro la shangazi.