Bibi Aliyekataa Kuitikia

Ilianza Jumamosi, saa kumi na moja na dakika ishirini jioni, kwenye sherehe ya Halloween, ile sikukuu ya kujivika mavazi ya kutisha, ya majengo yetu ya Regent Park huku ughaibuni. Mama alishanionya: "Bibi yake Saumu, jirani yetu wa ghorofa ya juu, amefika kutoka Tanga. Ukimpita bila shikamoo, utanitia aibu." Nami kusalimia watu naona kama kung'olewa jino.

Nikamkuta mlangoni mwa ukumbi, ameketi, amejitanda kanga, kainamisha uso.

"Shikamoo, Bibi."

Kimya. Nikapaza sauti. Kimya. Basi amenuna! Nikapiga goti mbele ya watoto waliovaa mabawa ya popo, nikamwekea maandazi mapajani, nikamwomba radhi kwa kutokwenda kumwona wiki nzima.

"Marahaba, mjukuu wangu," sauti ikatoka nyuma yangu. Bibi mwenyewe, kikombe cha chai mkononi! "Huyo usimbembeleze. Nimemshona jana na Saumu, tumboni ana majani matupu."

Ukumbi ukaangua kicheko, Mama akiwa wa kwanza.

Asubuhi yake nikapanda kwao na maandazi mengine. Bibi alipofungua mlango, nilimshika mkono kwanza, nikauhisi una joto, ndipo nikamwamkia.