Jina la Baba Juu ya Mlango

Nikiingia mji wowote, kabla sijauliza bei ya ndizi, macho yangu huanza kupima vibao vya maduka. Hiki kimetokeza mno barabarani, kile herufi zake hazisomeki ng'ambo ya njia, kile kingine kimetundikwa chini na ipo siku kitampasua mtu paji la uso. Mwaka jana nilikwenda Mahajanga, na njia nzima ya kwenda ufukwe wa Antsanitia nikaikuta imejaa vibao vya hoteli, kila kimoja kikimsukuma mwenzake. Mwanangu, aliyekuwa akiendesha gari, aliniomba ninyamaze. Sikunyamaza. Tabia hii niliipata kwa karani mmoja wa ofisi ya mji kule kisiwani Nosy Be. Zamani nilimchukia mtu yule kwa moyo wangu wote, na leo nikimkumbuka namshukuru mpaka naona haya.

Baba alikuwa mshonaji. Alishona kanzu, sare za shule, suruali za makarani, na kofia kwa wale waliokuwa na subira ya kuzingoja. Wazee wake walitoka Ngazija, lakini yeye alizaliwa Mahajanga, na duka letu la Mahajanga lilikuwa na kibao cha mbao kilichopakwa rangi ya kijani. Juu yake aliandika kwa mkono wake mwenyewe jina lake, la baba yake na la babu yake. Kila Ijumaa, kabla ya kwenda msikitini, alikipangusa vumbi. Nyumbani tulisema Kingazija na barabarani Kimalagasi. Kiswahili hiki ninachoandika nilikipata ukubwani, kwa mume.

Ghasia dhidi ya watu wa Ngazija zilipotokea Mahajanga nilikuwa na miaka sita. Sitazisimulia hapa, waliokuwepo wanazijua. Nitasema tu kwamba jirani yetu, mama mmoja mwenyeji, wa kabila la Kisakalava, alitufungia chumbani kwake siku tatu, na kwamba tulipotoka duka lilikuwa limevunjwa. Mlango haukuwepo, cherehani haikuwepo, lakini kibao kilikuwa palepale juu. Baba aliamini mpaka mwisho kwamba waliokuja mtaani kwetu walilijua duka letu kwa kukisoma kile kibao. Alikiteremsha, akakipasua kwa shoka, na Mama akakipikia wali. Niliula wali ule. Ulikuwa na harufu ya rangi, na hakuna aliyelalamika.

Watu wengi wa Ngazija walirudishwa kwao. Sisi tulihamia Nosy Be kwa ndugu za Mama, na huko Baba akakodi chumba kimoja kwenye barabara kuu ya mji wa Hell-Ville, si mbali na soko. Hakutundika kibao. Alining'iniza shati mlangoni, kila wiki jipya, na shati hilo ndilo lililokuwa tangazo lake. Wateja walimwita Mpanjaitra, ambalo kwa Kimalagasi ni mshonaji tu. Mtu akimuuliza jina lake, Baba alimuuliza kama anataka shati lenye mfuko mmoja au miwili. Wengi walijibu kuhusu mifuko wakasahau walichouliza. Tukaishi hivyo zaidi ya miaka kumi, nikakua, nikakaa naye dukani kwenye cherehani ya pili.

Halafu watalii wakaanza kuja kwa wingi, na vibao vikaota mjini kila mahali. Vingine vilipigiliwa misumari kwenye miti, vingine vikasimamishwa katikati ya njia ya miguu. Mmoja wa watu wa boti za kwenda kisiwa cha Nosy Komba aliweka kibao kipana hivi kwamba muuza samaki ilimbidi apite barabarani na karai lake kichwani, magari yakimpigia honi. Kwa hiyo ofisi ya mji ilipotoa kanuni za vibao, sikuona ubaya wowote. Kibao kilale ukutani. Kiwe juu kuliko kichwa cha mtu mrefu aliyejitwika mzigo. Herufi zisipungue sentimita kumi na tano wala zisizidi ishirini. Kisipigiliwe mtini. Nilisoma karatasi ile nikitikisa kichwa kwa kukubali, mpaka nikafika kifungu kilichosema kwamba kila duka la barabara kuu ni lazima liwe na kibao, na kibao kiwe na kazi ya duka pamoja na jina kamili la mwenye leseni. Asiye na kibao, leseni yake haitafanywa upya.

Nilimsomea Baba. Aliendelea kukata kitambaa mpaka mwisho wa mstari wa chaki, ndipo akasema, "Basi tutafunga."

Alisema hivyo kwa sauti ileile ya kuomba apewe mkasi. Tulikuwa watu sita tukila kwa duka lile. Baba alikuwa amekwishapita hamsini, na mikono yake haikujua kazi nyingine. Nilimtazama Mama, Mama akatazama pembeni, nikajua kwamba yeye naye anaamini Baba hatanii: afadhali afunge kuliko kulirudisha jina lake barabarani.

Karani alikuja wiki ile. Alikuwa mtu mwembamba wa kutoka nyanda za juu, shati limenyooka, mkoba kwapani, na katika mkoba wote ule hamkuwa na kitu cha kupimia. Akaazima futi kamba ya Baba. Alipima ukuta wetu, akapima mlango, akaenda kupima duka la jirani na la mbele yake, na siku nzima futi kamba yetu ikazunguka mjini shingoni mwake. Tulimbandika jina la Bwana Sentimita. Alipouliza kibao chetu kiko wapi, Mama alijibu bila kupepesa jicho kwamba kiko kwa seremala. Hakukuwa na seremala.

Kwa kuwa mimi ndiye niliyekwenda shule, nilipewa kazi ya kumzunguka karani. Nilipeleka mchoro wa kwanza: Mshonaji, Hell-Ville. Ukarudi na wino mwekundu: jina la mwenye leseni halipo. Nikapeleka wa pili, wenye jina la Mama. Ukarudi: leseni haina jina hilo. Wa tatu ulikuwa fahari yangu. Nilichora mkasi mkubwa ubao mzima, na chini yake, kwenye mguu mmoja wa mkasi, nikaliandika jina la Baba kwa herufi ndogo kama punje za mchele. Karani alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akainamia karatasi mpaka pua ikaigusa. Kisha akanirudishia kwa adabu na kuniambia kwamba mkasi ni mzuri sana.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mbele ya watu waliopanga foleni nilimuuliza kama hana kazi nyingine ya kufanya.

"Hii ndiyo kazi yangu, binti," alisema.

Basi nikamwaga yote. Nilimwambia habari ya kibao cha kijani, ya siku tatu chumbani kwa jirani, ya shoka, ya wali. Nilimwambia kwamba kanuni yake inamtaka baba yangu ajipigilie ukutani mwenyewe ili wenye nia mbaya wasipate taabu ya kumtafuta. Karani aliweka kalamu chini. Alisema hana uwezo wa kukifuta kifungu, na kwamba duka moja likisamehewa mtaa mzima utataka kusamehewa. Nikatoka nikiwa nimeshalifunga duka moyoni.

Siku ya pili yake, baada ya swala ya adhuhuri, akaja dukani. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, akatoa kanuni zote kwenye mkoba, si ile karatasi moja iliyobandikwa mjini. Alizungumza na Baba, mimi alinipita kama sipo, na alikuwa na haki.

"Mzee wangu," alisema, "kanuni hizi mmesoma nusu."

Akasoma nusu ya pili. Kibao kilichopewa kibali kinapigwa muhuri wa mji. Kuanzia hapo, atakayekivunja, kukichafua au kukiondoa bila amri ya ofisi, ana kesi na mji, wala si na mwenye duka. Na ofisi itakirudisha mahali pake kwa gharama ya aliyekitoa.

"Na mji ukisahau?" Baba aliuliza.

"Mji ukisahau, mimi nina daftari."

"Na watu?"

Karani alikunja karatasi yake polepole. "Watu siwezi kukuahidi, mzee wangu. Naweza kukuahidi kibao."

Baba alinyoosha mkono akaichukua karatasi, akanipa mimi, kwa sababu Kifaransa hakukisoma. Nikamsomea kifungu kile mara mbili. Mama alikuwa ameacha kupepea makaa ya pasi. Maishani mwake Baba alikuwa ameahidiwa mambo makubwa na watu wakubwa, na yote aliyaona yakianguka. Nadhani kilichomgusa ni udogo wa ahadi hii. Ilikuwa na urefu na upana.

"Herufi zinatakiwa ziwe kiasi gani?" aliuliza.

"Kumi na tano, mpaka ishirini."

"Nitaweka thelathini."

"Thelathini inazidi."

"Basi ishirini," Baba akasema, na akamwomba amrudishie futi kamba yake.

Aliandika kibao mwenyewe, rangi nyeupe juu ya buluu. Jina lake aliliandika bila shida, na la baba yake pia. Kwenye la babu aliinua brashi, akasubiri, akamalizia. Siku ya kutundika, karani ndiye aliyeshika ngazi. Alipima kutoka chini, akapima kutoka ukutani, akashusha upande wa kulia kidole kimoja, akagonga muhuri pembeni na kuandika katika daftari. Mwaka uliofuata alihamishwa. Aliondoka kabla sijamwomba radhi, na sikuwahi kumwona tena. Kila ninachompa sasa ni maneno haya, na yamechelewa.

Asubuhi ile kibao kilipotundikwa, Baba aliketi kwenye cherehani, mguu juu ya kanyagio, asikanyage. Alikuwa akitazama barabara. Kila aliyepunguza mwendo mbele ya duka, Baba alishika ukingo wa meza. Watu walitazama juu, wakapita. Dereva wa teksi alisimama, akasoma, akaomba suruali yake iliyokuwa tayari, akaenda zake. Niliona shati la Baba limelowa mgongoni, na jua lilikuwa bado halijafika upande wetu. Nilijuta kwa nini sikumwacha afunge.

Ndipo akaja bibi mmoja wa Kisakalava, mteja wetu tangu mwaka tulipofika. Sisi sote tulimwita dadi, kama wanavyoitwa bibi zetu huko. Alikuwa na blauzi ya kupanuliwa. Alisimama katikati ya njia, akaweka kikapu chini, akaanza kusoma kwa sauti, silabi moja moja, jina la Baba, la baba yake, la babu yake. Sauti yake ilikuwa kubwa, na wauza mboga wa ng'ambo wakageuka. Baba akainuka. Nilidhani anakwenda chumba cha nyuma. Alitoka nje.

Bibi alimtazama, akatazama kibao, akamtazama tena.

"Kumbe," alisema. "Miaka yote hii nakuombea kwa Mungu, nasema, mtunze yule mshonaji wa pale karibu na soko, mwenye shati mlangoni. Nilikuwa nimechoka kumwelekeza Mungu njia."

Baba alicheka. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka barabarani.

"Alifika, dadi," alisema. "Alifika tu."

Halafu akaanza kulia, pale chini ya kibao chake, mtaa mzima ukimwona, na hakuingia ndani.